Midomo ya Saa Moja Jioni

Kwa majuma kadhaa Plamedie alikuwa akisoma matangazo ya vifo huku ameuma mdomo wa chini kwa ndani. Hakuuma mpaka kujiumiza; aliushika kidogo tu kwa meno, kama mtu anayeficha pipi asije akaombwa, ili kwenye televisheni mdomo uonekane mwembamba. Haikuwa kazi rahisi. Jaribu wewe mwenyewe kutaja jina la marehemu, la mjane, la watoto wote na la mtaa wenye msiba, huku mdomo mmoja umeufungia ndani.

Kituo chenyewe cha televisheni kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa, katikati ya mji wa Likasi. Kila jioni saa moja Plamedie alikaa mbele ya pazia la buluu na kusoma makaratasi ambayo familia zilikuwa zimeleta mchana: nani amefariki, kilio kiko kwa nani, mazishi ni lini. Watu wa Likasi wanaweza kukosa habari za dunia nzima na wasijali, lakini matangazo ya vifo hawayakosi. Kwenda kwenye kilio ni deni ambalo kila mtu anajua siku moja atalidai kwa wengine.

Midomo yake ilikuwa minene, na wa chini uligeuka nje kidogo, kana kwamba ulitaka kusikia mwenyewe unachosema. Alizaliwa nayo, na tangu shule ya msingi hakuna aliyempa nafasi ya kuisahau. Hata sasa, mtu mzima mwenye kazi yake, watu walimwandama nayo. Kwenye ukurasa wa kituo, chini ya video za matangazo, wengi waliandika pole kwa wafiwa. Lakini hawakukosekana wachache walioona kwamba pale kwenye msiba wa watu ndipo pa kuandikia kuwa midomo imefika studio kabla ya mwenyewe. Plamedie alisoma yote. Hata yale aliyojiapiza kutoyasoma aliyasoma, na yalimuuma upya kila mara.

Wapo watakaosema mtu aridhike na alivyoumbwa. Wasemao hivyo, ukiwatazama vizuri, ni watu ambao midomo yao haijawahi kuandikwa mahali popote.

Basi alikwenda Lubumbashi kuonana na daktari. Alikuwa mtu mpole, hakumwahidi miujiza. Alimweleza kwamba atakata kipande chembamba kwa ndani, atashona, uvimbe utakaa majuma kadhaa, na kwa muda mdomo utakuwa mgumu kama si wake. Kisha akampiga picha, akaichezea kwenye kompyuta, akamwonyesha Plamedie mwingine, mwenye mdomo mdogo uliotulia. Plamedie aliomba atumiwe picha ile. Tangu siku hiyo alikuwa akiifungua kwenye simu mara kwa mara, kama mtu anayepita kuangalia nyumba anayotaka kuhamia. Siku ikapangwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kuuma mdomo kulianza hapo. Aliona hana sababu ya kusubiri Jumamosi wakati meno anayo. Na dawa ilifanya kazi, maana jioni moja mtu asiyemjua aliandika chini ya video: "Leo dada amependeza." Plamedie alilala na maneno hayo kama mtoto anayelala na kiatu kipya. Kesho yake akauma tena, kwa bidii zaidi.

Jumatano ya juma lile la safari, umeme wa katikati ya mji ulikatika kabla ya saa moja. Hervé, fundi wa kituo, alihangaika na jenereta mpaka ikakubali, lakini saa ya matangazo ilikuwa imekwisha kupita na mafuta yalikuwa kidogo tu ndani ya tangi.

"Soma mbio," alimwambia. "Mafuta iko inaisha."

Plamedie akasoma mbio, na kwa haraka ile akasahau kabisa habari ya mdomo. Kati ya makaratasi kulikuwa na moja lililomkaa moyoni. Mwanamume mmoja wa Shituru, jina lake Ghislain, alikuwa amelileta mwenyewe mchana ule. Mama yake, Simone, alikuwa azikwe kesho yake alasiri, lakini padre alikuwa ameitwa kwingine, kwa hiyo mazishi yalisogezwa asubuhi saa tatu. Ghislain alimwomba Plamedie alisome tangazo hilo polepole, kwa sababu ndugu walikuwa wengi na vocha za simu zilikuwa chache. Hata katika haraka ile, Plamedie alilisoma mara mbili.

Picha ilitoka vizuri. Sauti haikutoka hata kidogo. Waya mmoja ulikuwa umechomoka wakati Hervé akivuta kamba za jenereta, na walikuja kujua simu zilipoanza kulia, mafuta nayo yakiwa yamekwisha. Hakukuwa na namna ya kurudia.

"Balikuona unafungua paka mudomo, mudomo tu," Hervé alisema. "Kama samaki."

Akajuta papo hapo, akajifanya anatafuta bisibisi. Plamedie akakusanya makaratasi yake. Mji mzima ulikuwa umepewa mdomo wake, mdomo mtupu, bila hata neno moja la kuutetea.

Asubuhi alipanda pikipiki kwenda Shituru kuomba msamaha. Njia nzima alimwona Ghislain na watu watatu wanne wamebeba jeneza, na ndugu waliobaki wakifika alasiri na maua yao kwenye kaburi lililokwisha kufunikwa. Alipanga maneno ya kusema, akayaona hayafai, akapanga mengine. Jambo kama hilo halisameheki kwa urahisi. Marehemu hazikwi mara ya pili kwa ajili ya waliochelewa.

Lakini alipofika, lupango lote, nyumba na ua wake, lilikuwa limejaa, watu wamefurika nje ya ua mpaka barabarani. Wanakwaya wa parokia walikuwa wamekwisha kuanza kuimba. Ghislain alimwona, akaja na macho yake mekundu, akamshika mikono yote miwili.

"Asante sana, dada," alisema. "Bantu bote balikuya."

"Lakini jana sauti haikuwa."

"Haikuwa, kweli. Tulienda kwa Papa Théodore. Yee njo alituambia yote."

Akamweleza. Televisheni za mtaa mzima ziliponyamaza, mtu mmoja alikumbuka Papa Théodore, na wote wakakimbilia kwake. Papa Théodore ni kiziwi. Hajasikia chochote tangu Ghislain akiwa bado hajaanza shule. Mzee alikuwa amekaa karibu na televisheni kama kawaida yake, akitazama mdomo wa Plamedie, na walipomwomba akaanza kutamka kwa sauti kila neno alilokuwa anaona. Watu wenye masikio yao mazima walibanana mlangoni wakimsikiliza kiziwi awape habari. Hata misiba ya mitaa mingine aliitaja, na vijana wakatumwa kwa pikipiki kuwaambia wenyewe.

Plamedie hakujua acheke au afanye nini. Na kabla hajaelewa vizuri, aibu ilimtangulia: kumbe kuna nyumba ambamo mtu hukaa kila jioni akiukodolea macho mdomo wake. Alifuata jeneza mpaka makaburini akiwa ameinamisha uso, mkono karibu na kinywa.

Baada ya mazishi, mama mmoja mnene, kitenge kimefungwa barabara, alimshika kiwiko bila kuomba ruhusa. Alikuwa Mama Angèle, mke wa Papa Théodore.

"Utakula kwetu," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Waliandaliwa bukari, ule ugali wa huko, na samaki wakavu wa ziwa Tshangalele. Papa Théodore alikuwa mtu mrefu, mkavu, shati limefungwa kifungo cha juu kabisa, kofia kichwani hata uani kwake. Alimsalimu Plamedie kwa kelele, maana hakuwa na namna ya kujua sauti yake ni kubwa kiasi gani. Kisha akamtazama mdomoni, moja kwa moja, bila aibu, jinsi wewe unavyomtazama mtu machoni. Plamedie, kwa mazoea ya siku zile, akaukamata mdomo wa chini kwa meno.

Uso wa mzee ulisinyaa. Akamgeukia mkewe.

"Anafunga tena," alisema kwa ile sauti yake kubwa.

"Mwache kwanza akule," Mama Angèle alimjibu, akimgeukia ili aone.

Ndipo mama alipoeleza, huku akimchambulia mgeni samaki. Papa Théodore na wenzake walifanya kazi miaka mingi upande wa Kambove, kwenye mashine za kuponda mawe.

"Ile mashine ilikuwa na makelele, we mama," alisema. "Mwenzako anakupigia kelele mu sikio, weye unasikia paka pumuzi yake. Sasa bakajifunza kuona maneno. Mutu mupya akiingia, banamufundisha kwanza kufungua mudomo muzuri, njo anaanza kazi. Balikuwa banatukanana, banachekana, hata chef, mukubwa wa kazi, haone kitu. Nyuma masikio ikakufwa. Macho njo ilibakia."

Wale waliokuwa bado hai na wanaokaa karibu, alisema, walikuja kila jioni kabla ya saa moja, kila mmoja na kiti chake, wakapanga mstari mbele ya televisheni. Katika umri wao hakukuwa na habari nyingine iliyowahusu zaidi ya kujua nani ameondoka na kilio kiko wapi. Walikuwa wamewajaribu watangazaji wote.

"Ule monsieur alisoma siku weye haukukuya, na moustache yake, hakuna kitu baliona. Mudomo iko mu pori." Papa Théodore, aliyekuwa akifuatilia mdomo wa mkewe, akacheka mpaka kofia ikasogea. "Na ule wa Kifaransa, midomo kama wembe. Lakini weye, bazee banakusoma kama kitabu ya misa."

Plamedie hakujua aweke wapi uso wake. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia neno jema juu ya mdomo ule, hata mama yake, ambaye alimpenda sana na akaona ni heri kunyamaza. Alifurahi. Wakati huohuo alikasirika kidogo, na hasira hiyo nayo ilikuwa ya kweli. Alichotaka maishani ni kupendeza. Kuwa na faida hakukuomba. Vyombo vya jikoni pia vina faida. Na akawaza yale majuma ya uvimbe, mdomo mgumu kama si wake, na yule monsieur wa masharubu akisoma mahali pake jioni baada ya jioni mbele ya mstari wa viti.

"Lakini hii siku za nyuma," Mama Angèle aliendelea, "ulianza kumeza maneno. Tukasema labda unaugua meno. Unaugua meno, mama?"

"Hapana, mama."

"Gracien," alisema Papa Théodore.

Alilisema jina hilo kwa nguvu, likajaza ua mzima, kisha akatazama sahani yake. Mama Angèle akaendelea kutoa miiba kwenye samaki ambaye hakuwa na miiba tena.

"Gracien alikuwa mwenzake ku mashine," alisema kwa upole. "Mumoja huku, mumoja kule, miaka yote. Nyumba yake iko kule Kambove. Alikufwa, watoto yake bakaleta communiqué, tangazo yake, kwenu, ju balijua bazee banamuangaliaka huyu mutoto wa televisheni. Minye nilikuwa ku chorale, kuimba. Hapa kulikuwa paka bazee. Théodore alikaa pale, akakuangalia mpaka mwisho, hakuona kitu. Benzake pia, hapana. Alikuya kujua mu soko, kwa mama mumoja wa samaki. Gracien alikuwa tayari mu udongo."

Plamedie alilikumbuka tangazo lile. Alilikumbuka kwa sababu jina la Gracien lilimkwama, mdomo ukiwa umebanwa, ikabidi alirudie. Alikumbuka na jioni yenyewe. Ndiyo jioni ile ambayo mtu asiyemjua aliandika, "Leo dada amependeza."

Akarudisha tonge kwenye sahani. Angeweza kuwaambia habari ya Lubumbashi, ya daktari na ya picha kwenye simu, nao wangemwelewa au wasimwelewe, lakini hakuna hata moja katika hayo ambalo lingempeleka mzee huyu Kambove siku ile. Simu yake ikatetemeka kwenye mkeka. Ilikuwa kliniki, ujumbe mfupi wa kumwomba athibitishe Jumamosi. Akaigeuza kifudifudi.

Kisha akanawa mikono, akavuta kigoda chake mpaka mbele ya mzee, akamgusa goti.

"Papa, uniangalie."

Aliuachia mdomo wa chini. Ulirudi mahali pake, mzito, umegeuka nje kidogo kama ulivyozaliwa. Akakaa wima jinsi anavyokaa mbele ya pazia la buluu, na bila kutoa sauti hata kidogo akalisoma tangazo la Gracien tangu mwanzo. Matangazo ya vifo hayatofautiani sana, na lile sehemu kubwa alikuwa nalo kichwani. Familia ya Papa Gracien, iliyoko Kambove, inatangaza kwa uchungu mkubwa kifo cha baba yao mpendwa. Inawaarifu ndugu, jamaa na marafiki, wanaparokia, na wote waliokuwa naye kwenye mashine.

Papa Théodore aliinua mkono. Midomo yake mwenyewe ilikuwa ikicheza nyuma ya ya Plamedie, ikichelewa kidogo, kama mtu anayejifunza wimbo. Sasa ilimsemesha, nayo bila sauti, jinsi walivyosemeshana zamani kule kwenye makelele, na Plamedie, ambaye hakuwa amejifunza kuona maneno, aliliona hilo waziwazi: Rudilia.

Akarudia. Na wote waliokuwa naye kwenye mashine.

Jioni ile aliposoma maneno hayo mara ya kwanza, hakuyafikiria. Yalikuwa maneno tu katikati ya mengine. Sasa aliona kwamba watoto wa Gracien waliyaandika kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti katika ua huu, na kwamba wao walikuwa karibu wamemwita kwa jina, na yeye Plamedie ndiye aliyeumeza wito huo ili aandikiwe kwamba amependeza. Moyo ulimuuma, naye hakuuzuia. Akamalizia: kilio kiko nyumbani kwa marehemu, mazishi ni kesho baada ya misa, Mungu ampokee. Alisema polepole, kila neno akilifungua mpaka mwisho.

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. Alilia bila kelele yoyote, na mkewe akamwacha alie, akakusanya sahani moja moja asije akazigonganisha, ingawa aliyekuwa akilia asingesikia. Baada ya muda Papa Théodore akajifuta uso kwa kofia ileile. Alipozungumza, safari hii sauti yake ilitoka ndogo, ya kawaida, kama ya mtu yeyote.

"Sasa nilisikia," alisema.

Mama Angèle alimsindikiza mgeni mpaka nje ya lupango, akamfungia samaki wawili kwenye mfuko, akarudi ndani kwa mumewe. Plamedie alisimama kando ya barabara kungoja pikipiki. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya msichana wa mapokezi wa kliniki, yenye haraka na adabu.

"Ni ju ya Jumamosi, dada. Utakuya?"

"Hapana. Jumamosi niko na kazi."

"Hakuna shida. Tuweke siku ingine? Siku gani ni muzuri kwako?"

Plamedie alitazama barabarani. Ile picha ya kompyuta ilikuwa bado kwenye simu hiyohiyo aliyoishika sikioni, na hakuwa na nia ya kuifuta. Mdomo wake hakuupenda leo kuliko jana, na watu wa kwenye ukurasa wangemwandika tena jioni ileile, na ingemuuma. Mahali meno yalipozoea kukamata palikuwa pamechubuka. Alipitisha ulimi hapo, akamwona mwendesha pikipiki anakuja, akamwinulia mkono wenye samaki.

"Kila siku niko na kazi," alisema. "Saa moja ya jioni."